Kapteni Asiye na Watu Chini Yake

Mambo haya yalitokea Tukufuni, nchi ambayo haimo kwenye ramani yoyote isipokuwa ile iliyotundikwa makao makuu ya jeshi lake, ambako imechorwa kubwa kidogo kuliko majirani zake wote. Watu wa Tukufuni ni wapole, wanalima kunde na alizeti, na hawajui kwa nini wana majenerali wengi kiasi hicho. Wakiuliza huambiwa kwamba majenerali ni wengi kwa sababu nchi ina amani, na nchi ina amani kwa sababu majenerali ni wengi. Maelezo hayo huwatosha. Hajatokea bado aliyeuliza mara ya pili.

Jeshi hilo lina sheria nyingi, lakini inayopendwa kuliko zote ni Sheria ya Ngazi. Inasema kwamba cheo cha ofisa ni hesabu ya vichwa vilivyo chini yake. Mwenye watu wachache ni luteni, mwenye platuni au kombania nzima ni meja, na kuendelea juu hadi kwa Mkuu wa Majeshi, ambaye vichwa vyote ni vyake, pamoja na vya kuku wa mesi. Ofisa akikaa na cheo kimoja mpaka kikapauka mabegani, sheria inamtaka astaafu ili asizibe njia. Haisemi njia ya kwenda wapi.

Ndani ya jeshi hilo alikuwamo Kapteni Mwasiti Kulanga, na chini yake hakuwa na mtu. Alikuwa na Koplo Ngwali, ni kweli, lakini Ngwali alikuwa mtu wa jikoni kwa mujibu wa vitabu, yeye aliazimwa tu. Kazi ya Mwasiti ilikuwa kutegua mabomu. Zamani Tukufuni ilipigana na jirani yake vita ambayo kila upande ulitangaza kuwa umeshinda, na katika kushinda huko majeshi yote mawili yalizika mabomu mashambani, njiani na kando ya visima, popote ambapo adui angeweza kukanyaga. Adui hakukanyaga. Walikanyaga ng'ombe, na watu waliokuwa wakiwafuata ng'ombe.

Mwasiti alipelekwa nchi za mbali kuisomea kazi hiyo, akarudi akiijua barabara, akapewa ukapteni wanaoanza nao waliosoma nje, na hakuona haya kusema kwamba anaijua. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye ulimi mwepesi, asiyependa kusubiri wala kusubiriwa. Kazi aliifanya peke yake, amelala kifudifudi, kidevu kwenye vumbi na brashi ndogo mkononi. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba kila mtu mwingine awe mbali, nyuma ya mifuko ya mchanga. Ngwali alikaa nyuma ya mifuko hiyo na chupa ya chai, na wajibu wake ulikuwa kunyamaza. Aliutimiza vizuri sana, ingawa kwa tabia alikuwa msemaji.

Miaka ikaenda hivyo. Barabara zikafunguka, watu wakarudi mashambani, na nyota za ukapteni mabegani mwa Mwasiti zikaanza kupauka.

*

Aliitwa na Brigedia Jenerali Msabaha Tandiko, Mkurugenzi wa Vyeo na Heshima. Brigedia huyu alipata cheo chake kwa kuongoza Kikosi cha Mahema na Viti, chenye mamia ya wabeba viti, na katika uongozi wake hakuna mgeni wa taifa aliyewahi kukosa pa kukaa. Medali alikuwa nazo nyingi hata akisimama alilala upande kidogo.

"Kapteni Kulanga," alisema, "umekuwa kapteni muda mrefu."

"Ndiyo, afande."

"Mrefu mno. Uliosoma nao sasa ni makanali. Unaziba njia."

"Mimi kazi yangu ndiyo kuzibua njia, afande."

Brigedia hakucheka. Alifungua jalada, akalitazama kama mtu anayetazama sahani tupu.

"Nimetafuta humu watu uliowahi kuwaongoza. Sijawaona."

"Hawamo. Ninapofanya kazi, watu huondoka."

"Unasikia unavyosema? Watu huondoka. Kiongozi ni yule ambaye watu humwendea."

"Wakinijia wanakufa, afande."

"Hilo ni suala la nidhamu," alisema Brigedia, "linaweza kurekebishwa." Akafunga jalada na kulainisha sauti. "Sikia. Mimi sina ubaya na wewe. Iko Kombania ya Mapambo ya Barabara. Wanapaka chokaa mawe ya kambi zote nchini. Watu zaidi ya mia, wana afya, hawana makuu. Ichukue, nawe mwezi huu huu unakuwa meja. Usipoichukua, mwezi huu huu unastaafu."

"Na mabomu nani atayategua?"

"Mabomu yamekuwapo tangu vita. Hayaendi popote."

Mwasiti alihisi damu ikimpanda masikioni. Alikuwa amezoea vitu vinavyoweza kulipuka, lakini vile vilikuwa na adabu, mtu ukivisoma vizuri unajua vinataka nini.

"Afande, sikuja kuomba watu. Naomba jeshi liseme kwamba mtu anayejua kazi ngumu anaweza kupanda cheo akiwa bado anaifanya kazi hiyo hiyo. Sasa hivi mnaniambia niiache ndipo mniheshimu. Na nikiikataa heshima hiyo, bado mnaniachisha."

Brigedia alivua miwani. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomkatisha Mwasiti tamaa.

"Unachokiomba hakina jina katika jeshi hili," alisema taratibu. "Na kisicho na jina huundiwa tume."

Nje, Koplo Ngwali alikuwa akisubiri kando ya gari.

"Wamekupa nini, afande?"

"Tume."

"Pole sana," alisema Ngwali, akamfungulia mlango kama anayemfungulia mfiwa.

*

Iliitwa Tume Maalumu ya Kuchunguza Uwezekano wa Mtu Kupanda Bila Kuwa Juu ya Mtu. Ilikaa katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, kwa kuwa suala lenyewe lilihitaji utulivu. Wajumbe wote walikuwa majenerali, ili pasiwe na upendeleo.

Siku ya kwanza walijadili kama mjumbe wa tume yuko juu ya mtu au la, wakati akiwa kwenye tume. Siku zilizofuata waliingia kwenye kiini. Mjumbe mmoja aliuliza, meja mwenye watu akikutana mlangoni na meja asiye na watu, nani ampishe mwenzake? Suala hilo lilionekana zito. Walijaribu kwa vitendo, kwenye mlango wa ukumbi wa chakula, na jenerali mmoja akateguka kifundo cha mguu.

Mwasiti aliitwa kutoa maelezo. Alisimama mbele ya meza ndefu yenye korosho na maji ya chupa.

"Mbona daktari wa jeshi ni kanali?" aliuliza. "Naye ni mtaalamu."

"Daktari ana wagonjwa," mwenyekiti alimjibu. "Mgonjwa amelala chali. Hakuna mtu aliye chini kuliko huyo."

"Na padri na shehe wa kambi?"

"Wana waumini. Wanainama."

Wajumbe walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akaomba jambo hilo liandikwe. Hapo ndipo jenerali mzee wa kikosi cha miguu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliposema neno ambalo Mwasiti aliona lina uzito. Jenerali huyu aliwahi kuwa vitani kweli, na mkono wake mmoja haukukunjuka vizuri.

"Kapteni, mimi sikubezi," alisema. "Lakini cheo siyo zawadi ya kujua. Cheo ni mzigo. Vitani lazima pawepo mtu ambaye mambo yakiharibika, lawama ni yake. Wewe ukikosea, tumlaumu nani?"

"Nikikosea, afande," alisema Mwasiti, "hamtapata wa kumlaumu."

Jenerali mzee alisukuma sahani yake ya korosho mbali. "Mpeni cheo chake," alisema, "twende nyumbani."

Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake na kutangaza mapumziko ya chai.

Wakati hayo yakiendelea, Mwasiti hakuruhusiwa kugusa bomu lolote, kwa kuwa ofisa anayechunguzwa hagusi kinachochunguzwa. Na huko Mkenge, wilaya ya mpakani, Mwalimu Tunu Masoudi, mkuu wa shule ya msingi, alikuwa akipiga simu kila siku. Wanakijiji walipokuwa wakifyeka majani kando ya kisima cha shule waliona chuma cha mviringo kikichungulia udongoni. Kisima kikafungwa. Wanafunzi wakawa wanatumwa kuteka maji mtoni, mwendo wa asubuhi nzima, wakirudi somo la hesabu limekwisha.

"Lini utakuja, afande?" aliuliza mwalimu.

"Nachunguzwa, mwalimu."

"Unaumwa nini?"

"Sina watu chini yangu."

"Basi ugue pole," mwalimu alisema.

Hatimaye tume ilitoa uamuzi, nao ulisomwa redioni kukiwa na muziki wa taifa mbele na nyuma yake. Jeshi la Tukufuni, ulisema uamuzi huo, limetambua mchango wa wataalamu na litawapandisha vyeo bila kuwaondoa kwenye utaalamu wao. Mwasiti alikuwa ameketi na Ngwali kwenye benchi la jikoni, na kwa muda mfupi alifurahi. Kisha msomaji akaendelea. Ili Sheria ya Ngazi isivunjwe, mtaalamu ataongoza watu pale pale anapofanya utaalamu wake, na kwa muda wote anaoufanya. Na kwa kuwa amri ni sauti, watu hao watakuwa mahali ambapo sauti ya kamanda inafika bila kipaza sauti.

Ngwali aliweka kikombe chini.

"Sauti yako inafika wapi, afande?"

"Unajua inafika wapi. Ndipo mlipuko unapofika, na ndiyo maana siku zote nakwambia ukae mbali zaidi ya hapo."

"Nilitaka uhakika tu," alisema Ngwali.

*

Basi Mwasiti akawa meja, akapewa platuni.

Walikuwa watu wazuri, na ndilo jambo lililomuumiza. Kila asubuhi walijipanga mbele ya ofisi yake, kila mmoja na shida yake. Mmoja buti zake zilikuwa za miguu ya kushoto zote mbili. Mwingine alitaka ruhusa ya kwenda kuposa, na alipokataliwa huko alikotaka kuposa, akataka ruhusa ya kuomboleza. Wawili walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya godoro, na ikampasa Mwasiti kusikiliza historia ya godoro hilo tangu lilipofika kambini. Kulikuwa na zamu za kupanga, likizo za kupanga, na ripoti ya kueleza kwa nini zamu zimegongana na likizo.

Mwasiti hakuwa kiongozi mzuri, na hakujifanya. Alisahau majina. Aliwakatiza watu katikati ya maneno. Alimpa ruhusa mtu asiyeiomba, na aliyeiomba akaondoka bila ruhusa. Askari walianza kusema kwamba meja ana kiburi, na walikuwa na haki ya kusema, kwa maana ukimpelekea mtu shida yako naye akakutazama kama unayemzibia mwanga, utamwitaje?

Ngwali naye hakunusurika. Aliingizwa rasmi kwenye platuni na kuambiwa hawezi kumsaidia meja hali yeye mwenyewe hana wa kumsaidia. Akapewa usajini na watu wawili. Mmoja alibeba chupa ya chai, mwingine alibeba vikombe, na mbeba chupa tayari alikuwa ameanza kuulizia lini atapata mtu wa kushika kifuniko.

"Tangu nizaliwe sijanywa chai baridi kama hii ya usajini," alimwambia Mwasiti.

Vifaa vya Mwasiti, brashi, koleo na kile kitambua chuma alichokuja nacho kutoka masomoni, vilikaa kabatini. Alikuwa akiingia ofisini kila asubuhi akikusudia kwenda Mkenge, na kila jioni alikuwa amemaliza siku nzima akitatua mambo ambayo yasingekuwapo kama watu hao wasingekuwapo, na watu hao wasingekuwapo kama yeye asingeomba aachwe afanye kazi.

Asubuhi moja Mwalimu Tunu alikuja mwenyewe kambini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, na alikuwa amepanda mabasi matatu. Alikaa kwenye benchi pamoja na askari wenye shida zao mpaka zamu yake ikafika.

"Ulipokuwa kapteni," alisema, "nilikuwa nikikupigia simu asubuhi, adhuhuri uko Mkenge. Sasa umepanda cheo, nakutafuta msimu mzima."

"Ndiyo maana ya kupanda, mwalimu. Mtu anakuwa mbali."

"Usinitanie, Meja. Jana mvulana wa darasa la nne aliruka uzio akachote maji pale pale kisimani. Amechoka na mto. Alirudi salama, nikamchapa, kisha nikajifungia ofisini nikalia. Safari nyingine sijui kama nitapata wa kumchapa."

Mwasiti alisimama, akafungua kabati.

"Kesho," alisema.

*

Alikusudia kwenda kimyakimya, lakini platuni haiendi popote kimyakimya. Taarifa ilipanda ngazi, na kesho yake msafara ulipofika Mkenge, Brigedia Tandiko alikuwa amekwisha kufika kushuhudia matunda ya tume. Alikuja na bendi. Alikuja na hema pia, na viti vya plastiki vyeupe, ambavyo alikuwa amevipanga mwenyewe, kwa ufundi aliokuwa nao, katika nusu duara kuzunguka kisima.

"Afande," alisema Mwasiti, "bomu liko hapo, karibu na kile kiti cha pili."

"Hicho ni cha mkuu wa wilaya," alisema Brigedia. "Amepata udhuru."

Mwasiti alitazama. Platuni yake ilikuwa imejipanga mistari mitatu, kati ya viti na kisima, kama kanuni ilivyotaka. Nyuso za askari zilikuwa zimekauka. Ngwali alisimama pembeni na watu wake wawili.

Hapo Mwasiti, asiyependa kuongoza na asiye na kipaji cha kuongoza, alijaza kifua pumzi.

"Platuni. Nyuma geuka. Hadi nyuma ya jengo la shule, mbio."

Haijawahi kuonekana Tukufuni amri iliyotiiwa kwa moyo kama ile. Mistari mitatu ilitoweka kabla vumbi halijanyanyuka. Bendi haikuwa chini yake, lakini nayo ilitii, na tarumbeta moja ikaachwa kwenye nyasi. Ngwali aliondoka wa mwisho, akiwasukuma mbele mbeba chupa na mbeba vikombe.

"Meja," alisema Brigedia, ambaye sasa alikuwa peke yake kati ya viti vitupu, "umewatoa nje ya sauti. Huongozi mtu. Kwa mujibu wa kanuni huwezi kuanza."

"Bado upo wewe, afande. Kanuni inataka sauti yangu imfikie mtu. Keti hapo hapo, nitakuwa nakueleza kila ninachokigusa."

Brigedia alikitazama kiti. Alikitazama pia kile chuma cha mviringo, ambacho hadi wakati huo alikuwa hajapata kukiona. Kisha alitazama saa yake na kukumbuka kwamba ana kikao. Aliondoka kwa mwendo wa heshima mpaka kwenye uzio, na kutoka kwenye uzio medali zake zilisikika zikigongana hadi barabarani.

Mwasiti akabaki peke yake. Alilala kifudifudi. Udongo ulinuka majani mabichi yaliyofyekwa, na kulikuwa na sisimizi wanaopita juu ya lile bomu bila kujali ni la upande gani. Aliwafagia kwa brashi. Mikono yake, ambayo miezi yote hiyo ilikuwa ikishika kalamu tu, ilikuwa bado inakumbuka. Alifanya kazi taratibu, akisemezana na chuma kama anavyosemezana mtu na ng'ombe mgeni, na alipoitoa fyuzi, kile kiwashio cha bomu, na kuiweka pembeni juu ya kitambaa, aligundua kwamba kwa muda wote huo hakuwa na hasira na mtu.

Mwalimu Tunu alichota ndoo ya kwanza mwenyewe. Maji yalikuwa na ladha ya udongo, na Mwasiti alikunywa vikombe viwili.

*

Alishtakiwa kwa kukitelekeza kikosi kwa njia ya kukiondoa mahali pa hatari.

Brigedia Tandiko alitoa ushahidi. Aliieleza mahakama ya kijeshi uchungu wa ofisa mkuu kuachwa peke yake na viti. Platuni nzima iliitwa, na kila askari aliulizwa kama alisikia sauti ya kamanda wake wakati bomu likiteguliwa. Kila mmoja alijibu kwamba hakuisikia, kwa kuwa alikuwa hai nyuma ya jengo la shule. Yule wa buti za kushoto alijaribu kuongeza kwamba anamshukuru. Aliambiwa ajibu alichoulizwa.

Hukumu ilikuwa kustaafu kwa manufaa ya jeshi. Na hapo likatokea jambo ambalo wanasheria wa Tukufuni hulisimulia mpaka leo kwa fahari. Ofisa mmoja mwerevu aligundua kuwa mstaafu haamuru mtu, na kwa hiyo Sheria ya Ngazi haimgusi. Maana yake mstaafu anaweza kupewa cheo chochote. Asubuhi ya siku yake ya mwisho Mwasiti alivalishwa cheo cha luteni kanali mabegani mbele ya gwaride, akawa mtaalamu wa kwanza katika historia ya nchi kupandishwa bila watu chini yake. Adhuhuri yake alirudisha sare stoo.

"Jeshi limesikia kilio cha wataalamu," alisema Tandiko katika hotuba, naye siku hiyo hiyo akapandishwa kuwa meja jenerali kwa kulimaliza tatizo. "Mlango uko wazi. Mtaalamu yeyote anayetaka kupanda, na astaafu."

Magazeti yaliandika vizuri sana. Ngwali alirudishwa jikoni akiwa bado sajini, na kitengo cha mabomu kikakabidhiwa kwa Kombania ya Mapambo ya Barabara. Hao walikuwa wachapakazi. Palipoonekana bomu walizungusha mawe, wakayapaka chokaa, wakaweka mlinzi. Mawe yalipendeza. Kwa jinsi mabomu yalivyokuwa mengi walinzi nao waliongezeka, walinzi wakahitaji makamanda, na makamanda walipanda vyeo haraka kuliko kikosi kingine chochote. Mtu angependekeza mabomu hayo yateguliwe, angeonekana anataka kuwashusha watu vyeo.

Mwasiti alihamia kwa dada yake, akalima kunde. Alizilima vibaya. Kila alipotaka kuingiza jembe ardhini alisimama kwanza, akasikiliza.

*

Msimu wa mvua ulipoingia, Mwalimu Tunu alimpigia tena simu. Hakuomba chochote, alisema tu kwamba mvua zimekula udongo wa njia inayotoka kijijini kwenda mpakani, ambako jeshi lilikuwa limeweka mawe meupe na mlinzi, na kwamba hapendi anachokiona. Mwasiti alipanda basi asubuhi ya pili yake, na kanga zake mabegani.

Mlinzi alikuwa Praiveti Ligwa, mtu mzima mwenye mvi za kwanza na sauti ya upole. Alisimama ndani ya duara la mawe, mgongo kwa mabomu na uso kwa raia, kwa kuwa kanuni ya ulinzi husema mlinzi aelekee upande wa hatari. Alipoambiwa na Mwalimu Tunu, aliyekuja na mgeni wake, kwamba huyu ni Luteni Kanali mstaafu, aliinua mkono apige saluti.

"Usipige," alisema Mwasiti. "Shusha mkono taratibu. Usigeuke."

Alimshika Mwalimu Tunu begani, akamrudisha nyuma. Maji ya mvua yalikuwa yameosha udongo wote wa juu. Karibu na kisigino cha kulia cha askari palionekana kifuniko cha plastiki kilichopauka, ukubwa wa kisahani cha chai. Mbele ya kidole cha mguu wa kushoto palikuwa na kingine. Kulikuwa na vingine viwili nyuma yake, na ni Mungu peke yake aliyejua alivyopita asubuhi ile gizani kwenda kupokea zamu.

"Ligwa," alisema Mwasiti, "umesimama katikati ya mabomu. Fuata ninachokwambia, utatoka."

Lakini Ligwa alikuwa askari. "Afande, mstaafu haniamuru. Nikitoka lindoni bila idhini nafungwa. Niruhusu nimwulize kamanda wangu."

Alizungumza kwenye redio yake bila kusogeza kiwiko. Kamanda wake alimwuliza kamanda wake, naye akamwuliza wa juu yake. Ilichukua muda. Mvua nyepesi ilianza, na Ligwa alisimama ikimtiririka shingoni. Hatimaye sauti ya Meja Jenerali Tandiko ilitoka kwenye redio, nzito na yenye bashasha.

"Luteni Kanali mstaafu. Habari za mapumziko?"

"Afande, askari wako amezungukwa na mabomu. Nayaona kwa macho yangu. Naomba umruhusu anifuate ninavyomwelekeza."

"Kwa mamlaka gani?"

"Kwa kuwa nayaona."

"Kuona siyo cheo, Bi Kulanga. Unamwamuru askari wangu."

"Simwamuru. Namwambia mguu wake uko wapi."

"Hiyo ni amri iliyovaa kanga," alisema Tandiko. "Tukiiruhusu leo, kesho kila anayejua kitu atakuwa anamwambia asiyejua, na jeshi litakuwa limekwisha. Praiveti, unanisikia?"

"Nakusikia, afande."

"Baki ulipo. Tunakutana baada ya chakula cha mchana kulijadili."

Redio ikakwaruza, ikanyamaza. Mwalimu Tunu alikuwa amejifunika mdomo kwa upande wa mtandio. Mwasiti alijifunga kanga kiunoni, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa usawa wa zile buti. Alitaka kutukana na hakupata tusi lililotosha.

Ligwa aliitazama redio mkononi mwake. Kisha, taratibu sana, akaizima.

"Mama," alisema, "nianze na mguu upi?"